Simu Ndiyo Ichague: Mjadala wa Spika za Masikioni Zisizo na Waya Karagwe na Kyerwa

Hoja inayojadiliwa hapa ni kwamba mnunuzi wa spika za masikioni zisizo na waya katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, hana budi kuanza kwa kuikagua simu aliyonayo na kazi anayotaka ifanye, kabla hajaangalia bei, umbo au namba zilizoandikwa kwenye boksi. Wanaoipinga husema kwamba teknolojia ya Bluetooth imekwisha kuliondoa tatizo hilo, kwa kuwa kifaa chochote huungana na kingine, na kwamba kumtaka mkulima au mwendesha bodaboda ajifunze istilahi za kihandisi kwa ajili ya kifaa kidogo kama hicho ni kumtwisha mzigo usio wake. Ili pande zote zisikike, misimamo imegawiwa sauti nne, ambazo si za watu mahususi bali ni za nafasi zinazokutana kila siku katika biashara hii: Muuzaji wa vifaa vya simu mjini Kayanga, Fundi wa simu wa Omurushaka, Mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari, na Mama mkulima wa kahawa na ndizi kutoka Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012.

Kuungana na kupatana

MUUZAJI: Mteja anayeingia dukani anastahili kuhudumiwa, si kutahiniwa. Bluetooth ni njia ya kupeleka data kwa mawimbi ya redio katika umbali mfupi, na tangu makampuni yaliyoiasisi yalipounda umoja wao mwaka 1998, kanuni zake zimekuwa za pamoja kwa watengenezaji wote, huku matoleo mapya yakiundwa ili yaelewane na ya zamani. Simu yenye toleo la 4.2 huungana na spika zenye toleo la 5.3, iwe ni Tecno, itel, Infinix, Samsung au iPhone. Swali la upatanifu, kwa hiyo, limeshajibiwa kiwandani, na kilichobaki kwa mteja ni fedha aliyonayo na umbo litakalokaa vizuri sikioni.

FUNDI: Hayo ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Vifaa viwili vinaweza kuungana na bado visipatane, kwa sababu Bluetooth hufanya kazi nyingi, na kila kazi ina wasifu wake, yaani makubaliano yanayoeleza vifaa vitafanya nini vikishaungana. Wasifu uitwao A2DP hupeleka muziki wa pande mbili, kushoto na kulia. HFP hubeba maongezi ya simu pamoja na sauti inayoingia kwenye maikrofoni. AVRCP hupeleka amri za vitufe, kama kusimamisha wimbo au kuruka kwenda unaofuata. Simu janja za leo kwa kawaida zina wasifu zote tatu, lakini miongoni mwa simu ndogo za vitufe, zile zinazoitwa vitochi, zimo zenye Bluetooth ya kurushiana picha na nyimbo tu, au ya maongezi bila muziki. Mwenye simu ya namna hiyo atarudi dukani akilalamika kwamba ameuziwa spika mbovu, ilhali spika ni nzima na kasoro ni kwamba simu yake haikuwahi kupewa wasifu wa kuzihudumia.

MWALIMU: Juu ya wasifu kuna suala la kodeki, ambayo ni kanuni ya kufinya sauti upande wa simu na kuifumua upande wa spika. Sauti ya santuri ya CD huhitaji kilobiti 1,411 kwa sekunde, kiasi ambacho Bluetooth ya kawaida haiwezi kukibeba kwa uhakika, ndiyo maana lazima ifinywe kabla ya kusafirishwa. Kila kifaa chenye A2DP kinawajibika kuijua kodeki iitwayo SBC, na baada ya hapo watengenezaji huongeza nyingine wanavyotaka: AAC, ambayo Apple huitegemea, aptX ya kampuni ya Qualcomm, na LDAC ya Sony, inayoweza kufikia kilobiti 990 kwa sekunde. Kodeki hufanya kazi endapo tu simu na spika zote mbili zinaijua, na isipokuwa hivyo, vifaa hurudi kwenye kodeki inayojulikana na vyote viwili. Kwa kuwa iPhone hutumia SBC na AAC peke yake, mwenye iPhone anayelipa ziada kwa sababu boksi limeandikwa LDAC analipia kitu ambacho simu yake haitakigusa kamwe.

MUUZAJI: Mwalimu amezungumzia sauti ya santuri, lakini wateja wengi hawana santuri. Wana nyimbo walizoingiziwa kwenye memori kadi kibandani, ambazo zilifinywa na kufinywa tena kabla hazijawafikia, na video walizotumiwa kwenye WhatsApp. Je, kodeki ya kifahari itazirudishia nyimbo hizo kilichokwisha kutupwa?

FUNDI: Haitarudisha. Sauti iliyopotea katika ufinyaji wa awali haipatikani tena kwa kupitishwa kwenye njia pana, na kwa nyimbo za namna hiyo SBC iliyotengenezwa vizuri inatosha kabisa. Lakini jibu hilo linaiunga mkono hoja, haliipingi, kwa kuwa linaonyesha kwamba kilichomo ndani ya simu ndicho kinachoamua kama kodeki ghali ina faida au haina.

MWALIMU: Jambo jingine huwashangaza wengi. Mtu anaposikiliza muziki halafu akapokea simu, spika huhama kutoka wasifu wa muziki kwenda wasifu wa maongezi, ambako sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, au mara 16,000 kwa vifaa vilivyo bora zaidi, badala ya mara 44,100 za muziki. Sauti huwa nyembamba ghafla, na mteja hudhani kifaa kimeharibika. Anayenunua spika hasa kwa ajili ya kuongea, kama vile dalali wa mazao au msimamizi wa ujenzi, anapaswa kuzijaribu kwa kupiga simu, kwa maana wimbo uliochezwa dukani haumwambii lolote kuhusu maikrofoni.

Redio na waya

MAMA: Baba, yametajwa muziki na maongezi, lakini redio haikutajwa. Katika kaya nyingi za huku simu ndiyo redio ya nyumba, na anayewahi shambani hufungua Redio FADECO ya Kayanga kwenye masafa ya 100.8 asikie habari, mafundisho ya kilimo na matangazo ya jamii, bila kutumia hata senti ya bando. Simu nyingi zikifunguliwa redio ya FM kabla waya wa spika haujachomekwa, hukataa na kutoa ujumbe wa kuudai waya huo. Aliyeugawa waya wake akabaki na spika za Bluetooth pekee, kwa upande wa redio amenunua kimya.

MWALIMU: Sababu yake ni ya kifizikia. Masafa ya 100.8 ni megahezi 100.8, na wimbi la kiwango hicho lina urefu wa takribani mita 3. Antena nzuri ya kulinasa huwa robo ya urefu huo, yaani kama sentimita 75. Hakuna nafasi ya antena ndefu kiasi hicho ndani ya simu, kwa hiyo watengenezaji huutumia waya wa spika, ambao kwa kawaida hukaribia mita moja, kuwa antena ya redio. Bluetooth, kwa upande mwingine, hufanya kazi kwenye gigahezi 2.4, ambako urefu wa wimbi ni sentimita 12.5 tu, na ndiyo sababu antena yake huenea ndani ya kifaa kinachokaa sikioni. Kuondoka kwa waya, kwa hiyo, kunaugusa muziki kidogo sana, lakini kunaikata redio ya FM kwenye mzizi wake.

MUUZAJI: Mama asikate tamaa, kwa kuwa vituo vingi siku hizi husikika pia kwenye intaneti, na zipo simu zenye antena ya FM ya ndani zisizodai waya.

MAMA: Intaneti inalipiwa, baba. Matangazo yanayokuja kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu megabaiti 29 kila saa, na anayesikiliza kwa saa 4 kwa siku atakuwa ametumia zaidi ya megabaiti 115 kwa kitu ambacho hewani ni bure.

FUNDI: Ieleweke hata hivyo kwamba spika zenyewe hazili bando, kwa sababu mawasiliano kati ya simu na sikio hayapiti kwenye mtandao wa kampuni ya simu, kinacholiwa ni kile ambacho simu inakivuta kutoka intaneti. Kuhusu antena ya ndani, ni kweli zipo simu za namna hiyo, ila hiyo ni nusu ya safari, kwa kuwa baadhi ya simu hupokea FM vizuri lakini haziruhusu sauti yake kupelekwa kwenye Bluetooth, zikaishia kuitoa kwenye spika ya nje. Hakuna boksi la spika linaloeleza habari hiyo. Njia ya kuijua ni moja: kufungua redio kwenye simu ya mnunuzi mwenyewe, spika zikiwa zimeshaunganishwa, na kusikiliza kabla fedha haijatoka mfukoni.

Namba na herufi za kwenye boksi

MUUZAJI: Mteja akiona 5.3 huiacha 5.0, akiamini kwamba namba kubwa ni sauti kubwa. Muuzaji afanyeje?

MWALIMU: Amweleze kwamba namba hiyo ni toleo la kanuni na haihusiani na ukubwa wa sauti. Umbali na kasi vilivyosifiwa sana toleo la 5 lilipotoka mwaka 2016 vilihusu tawi la Bluetooth linalotumia nishati ndogo, wakati muziki wa kawaida uliendelea kupita kwenye tawi la zamani. Muziki kupita kwenye tawi hilo jipya kuliwezekana baadaye, kupitia mfumo uitwao LE Audio, uliojengwa juu ya toleo la 5.2 la mwaka 2020 na unaotumia kodeki mpya ya LC3, lakini mfumo huo unahitaji simu yenyewe iwe imeandaliwa kwa ajili yake. Simu ya zamani ikiunganishwa na spika za 5.3 hupewa kile ambacho yenyewe inaweza kukipokea, basi.

FUNDI: Herufi nazo zina mtego. ANC ni uwezo wa kupunguza kelele kwa msikilizaji: maikrofoni hunasa kelele ya nje, kisha spika hutoa wimbi lililo kinyume chake ili mawili hayo yafutane. ENC husafisha sauti ya mzungumzaji ili aliye upande wa pili wa simu amsikie vizuri. Boksi lenye ENC pekee halimwahidi mnunuzi utulivu wowote, ingawa wengi huzinunua spika hizo wakitarajia kuinyamazisha mashine ya kukoboa. Maandishi kama "HiFi" na "9D", kwa upande wake, si kipimo cha kitu chochote kinachoweza kuthibitishwa.

Mpaka, bidhaa bandia na dhamana

MUUZAJI: Yote haya yanasahau kwamba dukani kuna ushindani usio wa haki. Mteja huvuka daraja la Murongo kwenda Kikagati, upande wa Uganda, au husubiri siku ya gulio, akapata spika zenye umbo na jina la AirPods kwa sehemu ndogo sana ya bei ya halisi. Mfanyabiashara mwenye leseni na risiti atashindanaje na hizo?

FUNDI: Apple ilipotoa AirPods mwaka 2016 ilizitengeneza ziungane kwa wepesi na vifaa vyake, na zikiunganishwa na simu ya Android hufanya kazi kama spika za kawaida za Bluetooth, zikipoteza mengi ya yale yanayozifanya ziwe ghali. Mwenye Android anayenunua za bandia, kwa hiyo, amekosea mara mbili: amepata kilichoghushiwa, na hata kingekuwa halisi kisingemfaa kwa kiwango cha bei yake.

MWALIMU: Ipo pia dhana potofu inayotokana na simu zenyewe. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia nchini, na wananchi wakazoea kupiga *#06# ili kupata namba tambulishi ya simu na kuihakiki. Spika za masikioni hazina namba hiyo, kwa kuwa haziingii kwenye mtandao wa simu, na kwa hiyo uhakiki ule hauzigusi. Dhidi ya bidhaa zilizoghushiwa kuna Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 na kuna Tume ya Ushindani, ambayo hukamata bidhaa bandia, lakini mnunuzi asiye na risiti hana pa kuanzia anapotaka haki yake.

MAMA: Risiti bila ya mtu wa kuirudishia haina kazi, Mwalimu. Bidhaa iliyonunuliwa ng'ambo ya Mto Kagera ikiharibika, nauli ya kuifuata inaweza kuipita bei yake. Aliye karibu akiahidi kubadilisha ndani ya siku kadhaa, na akaiandika ahadi hiyo, ndiye anayestahili kuongezewa shilingi.

Chaji, shamba na sikio

MAMA: Swali la mwisho ni la chaji. Waya haukuhitaji umeme, wakati hizi zinahitaji, na si kila kaya ina umeme wa uhakika.

FUNDI: Hofu hiyo ina msingi, ingawa hesabu yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Betri ya simu janja nyingi za sasa ni karibu miliampea-saa 5,000, ilhali kikasha cha kuchajia spika huwa na takribani 300 hadi 500, na kila spika 30 hadi 60 tu. Taa ya sola yenye tundu la USB inaweza kuzihudumia. La kuangaliwa ni tundu la kikasha: kama simu inachajiwa kwa waya wa aina ya C, kikasha nacho kiwe cha aina hiyo ili nyumba itumie waya mmoja. Umoja wa Ulaya uliifanya aina hiyo kuwa ya lazima kwa simu na spika za masikioni zinazouzwa katika nchi zake kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, kwa hiyo anayenunua leo kikasha chenye tundu la zamani ananunua kilichoanza kuachwa. Hasara kubwa iko kwenye uhai wa betri, kwani betri hizi ndogo huchoka kwa kuchajiwa na kutumika, na nyingi zimefungwa kwa gundi kiasi kwamba kuzibadilisha ni kuziharibu spika zenyewe.

MWALIMU: Shamba nalo lina sheria zake. Umbali wa mita 10 unaotajwa kwenye boksi hupimwa mahali pasipo na kizuizi, na mawimbi ya gigahezi 2.4 hudhoofishwa na maji; shina la mgomba limejaa maji, na mwili wa binadamu vilevile. Anayeiacha simu kwenye kivuli na kuingia kati ya migomba atasikia sauti ikikatika, hata kama spika zake ni za bei ya juu, na dawa yake ni kuiweka simu mfukoni. Sikio pia lina kipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo hugawanywa kwa mbili, hivyo desibeli 83 ni kwa saa 20 tu. Mwendesha bodaboda anayeongeza sauti ili aishinde injini anaumaliza muda wake wa wiki mapema, na juu ya hayo anajinyima honi ya lori linalomkaribia nyuma.

Uamuzi

Baada ya sauti zote kusikika, upande wa Muuzaji unashinda katika jambo moja, nalo ni kwamba kuunganisha vifaa vya Bluetooth si tatizo tena kwa simu janja nyingi, na kwa nyimbo za kawaida mnunuzi hana sababu ya kulipia kodeki ya kifahari. Katika mengine yote hoja inasimama, kwa kuwa wasifu zilizomo, kodeki, redio ya FM, antena, tundu la chaji na hata faida ya toleo jipya vyote huamuliwa na simu, na hakuna boksi linaloijua simu ya mnunuzi. Haihitajiki elimu ya uhandisi kuligundua hilo. Inahitajika robo saa dukani. Mnunuzi aende na simu yake ikiwa na chaji, aziunganishe spika mbele ya muuzaji, acheze wimbo anaoupenda, apige simu na kumuuliza aliye upande wa pili kama anamsikia vyema, afungue redio anayoisikiliza kila siku, aiweke simu mfukoni na kutembea hatua chache, kisha alinganishe tundu la kikasha na waya wa chaja yake ya nyumbani. Spika zikifaulu majaribio hayo na muuzaji akitoa risiti yenye ahadi ya kubadilisha, bei ijadiliwe. Zikishindwa hata kwa moja analolihitaji, zirudishwe kwenye kabati bila aibu. Na kwa yule ambaye simu yake ni redio ya FM kwanza na muziki baadaye, asiutupe waya wake wa zamani, kwa sababu mpaka apate simu iliyothibitika kufanya kazi bila waya huo, ndio unaomletea habari za wilaya yake bila malipo.